Birika lenye Uso wa Tile

Jumapili, 4 Oktoba 1433

Tumeamka na kukuta mbwa wetu amepigiliwa mlangoni kwa misumari ya kwato za farasi. Bado alikuwa na joto! Baba alimbandua kimya, akamfunika kwa aproni yake ya ngozi, akaenda misani na damu kwenye mkono wa shati. Mama alimwomba abadilishe. Akasema hapana, waione.

Ni akina Rove. Nani mwingine? Wao ni wachinjaji, na mbwa alikatwa na mtu anayejua pa kukata.

Sista Alheid, mwalimu wetu, hutufundisha hivi: ukiandika, tanguliza jambo, sababu ifuate. Basi. Jambo: kaka yangu Henning amemuua Tile Rove kwenye kilabu cha bia, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Sababu: kiti. Nani akae karibu na moto! Wanaume wakavaana, visu vikatoka, mshumaa ukaanguka. Ulipowashwa tena Tile alikuwa sakafuni, kifua wazi, anajaribu kusema kitu na damu inamzuia.

Henning alikimbilia kanisani kwa watawa. Humo hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Akivuka kizingiti tu, ni mali ya akina Rove. Ludeke, kaka mkubwa wa Tile, amekaa nje ya mlango wa kanisa na shoka la nyama mapajani. Analala palepale.

Nataka kaka yangu arudi nyumbani akiwa hai.

Nimeliandika hilo kwenye mstari wake peke yake, kwa mwandiko mzuri, ili Mungu asilipite.

Jumanne, 6 Oktoba

Wasichana wa mtaa wa wachinjaji walinisubiri darajani. "Dada wa muuaji! Kwenu mnatengeneza mabirika ya mji mzima kunawia, mbona mikono yenu haitakati?" Kisha wakanipasulia kichwani kibofu cha nguruwe kilichojaa damu. Nilifika shule natiririka. Sista Alheid aliniosha nywele mwenyewe, mara mbili, hakusema pole. Akanipa zaburi ya kunakili. Nilimshukuru kwa hilo kuliko pole.

Baadaye nilimpelekea Henning chakula. Ludeke alikipekua kwanza, akautemea mkate, akanirudishia. "Mwambie ale ashibe. Nyama iliyonona hukatika vizuri."

Nilimuuliza Henning kupitia wavu wa chuma wa kanisa: mle gizani, watu wote wale, una hakika ni kisu chako? Niliuliza kwa matumaini, nakiri.

"Nilihisi kikigota mfupa, Geseke. Halafu kikapata njia. Ni mimi."

Kisha akasema nisimletee tena jibini ile, inanuka kama soksi za Baba. Tukacheka! Mtawa akatukemea.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kuna njia!

Baraza la mji limekaa na pande zote mbili. Baba atoe nta ya mishumaa kwa misa za Tile. Msalaba wa jiwe usimamishwe alipoangukia. Henning aende kuhiji Aachen pekupeku. Na siku ya Mtakatifu Martin koo zote mbili zikae meza moja, zinawe maji ya birika moja, kuanzia upande wa marehemu hadi upande wetu. Mkono wa mwisho ukishanawa, damu imefungwa. Atakayelipiza baada ya hapo atakatwa kichwa kama muuaji yeyote.

Birika lazima tulitoe sisi. Hiyo ni kazi ya Baba: husubu shaba iliyoyeyushwa kuwa mabirika: simba anayetema maji, farasi, joka. Alidhani watataka simba. Kila mtu hutaka simba.

Mama Oda, mamake Tile, mjane, alikuwa hajafungua kinywa muda wote. Akasimama. "Simba wenu kaeni naye. Mimi nataka kichwa cha mwanangu. Cha shaba. Na maji yatoke mdomoni, kwa sababu nyinyi ndio mliomnyamazisha."

Akaendelea: Tile amezikwa bila kuulizwa. Hapa hata mtoto mchanga anajua kwamba muuaji akisimamishwa mbele ya maiti, jeraha hutoa damu upya. Henning alijificha, maiti ikaingia kaburini na neno lake.

Baba alikubali. Angekubali kusubu hata kichwa chake mwenyewe.

Alhamisi, 22 Oktoba

Mama Oda amekuja karakanani kuukagua uso. Baba alikuwa amefinyanga bonge la udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya farasi, akalikausha, akalivika nta. Nta ndiyo itakayoyeyuka na kuipisha shaba. Udongo wa ndani hubaki hadi mwisho, ndipo unakwanguliwa kupitia tundu la utosini.

Mama Oda aliutazama. "Huyu nani? Huyu mwoka mikate! Mwanangu alikuwa na mashavu haya?"

"Nilimwona mara chache, Mama."

Akamchapa Baba kofi. Baba akabaki amesimama, mikono chini. Mama Oda akavua shali, akakaa kwenye kigoda cha Baba, akaanza kuisukuma nta kwa vidole gumba. Pua. Kidevu. Kovu dogo juu ya nyusi, alilipata kwa kwato ya ndama. Baba alimwonya taratibu kwamba akibonyeza sana, shaba itatoboka hapo.

"Kisu cha mwanao kilibonyeza kiasi gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika taa. Na nilimwona Tile anatokea! Kweli, anatokea, kama mtu anayeinuka kutoka majini. Alipomaliza, Mama Oda alipiga paji lake la uso kwenye ukingo wa meza, tena na tena, mpaka Mama yangu akaja kumshika. Damu ilimwingia machoni. Nikamletea maji. Alinimwagia usoni.

Mlangoni aligeuka akaniuliza kama ni kweli najua kusoma. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema Tile alikuwa hajui. Alijua kuimba tu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Tumesubu! Shaba ilishuka bila kusita. Baba alivunja kalibu, lile ganda la udongo la nje, kwa nyundo na uso ukatoka mweusi, mzima, midomo imeachama kidogo kwenye kijibomba. Mama alijichora msalaba. Sasa tupa, mchanga, kung'arisha. Henning amenipungia mkono kutoka dirisha la juu la kanisa. Ludeke akamrushia jiwe.

Jumatatu, 9 Novemba

Siwezi kuandika vizuri leo.

Ludeke alikuja na binamu zake wawili. Baba alikuwa peke yake na mimi, uso umelazwa kwenye matambara. Ludeke alipouona alirudi nyuma. Rangi ilimtoka kabisa. Alinyoosha kidole, akaligusa lile kovu juu ya nyusi. Nilidhani atalia. Badala yake aliwageukia wenzake.

"Mshikeni huyu mzee."

Waliuweka mkono wa kulia wa Baba juu ya fuawe. Ludeke akaupiga kwa kisogo cha shoka. Nilisikia vidole. Sauti yake ni ndogo kuliko mtu anavyodhani, kama njugu. Baba hakupiga kelele mpaka pigo la pili. Mama alikuja mbio na koleo la moto akamchoma Ludeke sikio, nywele zikaungua, na yeye akacheka!

"Sasa tumekaribiana kidogo, mzee. Keshokutwa nanawa wa kwanza, mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Na binti yako huyu msomi atanimwagia maji akiwa amepiga magoti."

Kazi ya kukwangua udongo wa ndani ni ya mkono wa Baba. Mkono hauko. Tumejaribu mimi na Mama kwa kulabu za chuma kupitia utosini. Mwingi umetoka, lakini masikioni, puani na nyuma ya taya kulabu haifiki, na nyaya za chuma zinazoshikilia udongo humo ndani zimeanza kutu. Mama akasema basi, tutasuuza, maji yatamalizia.

Hatukusuuza. Mama Oda alitokea na kikapu, akakichukua kichwa kikiwa kikavu. Baba, jasho linamtoka, alimsihi: lazima kijazwe maji kwanza, hivyo ndivyo tunavyofanya. Akajibu kwamba maji ya kwanza kinywani mwa mwanawe hayatakuwa ya kwetu.

Jumatano, 11 Novemba, Mtakatifu Martin

Nitaandika yote. Nianze na jambo.

Ukumbi wa chama cha wachinjaji. Bata bukini wamepangwa mezani, mafuta yanaganda, hakuna aliyegusa. Henning aliletwa na watawa: shati jeupe, pekupeku, kamba shingoni, ncha ya kamba mkononi mwa Ludeke. Alikuwa amekonda. Aliniangalia akafumba jicho moja kama zamani. Moyo wangu ulijaa. Niliona kabisa tukirudi nyumbani.

Kichwa cha Tile kiling'aa kama jua. Padri akakibariki, Mama Oda mwenyewe akakijaza maji. Nikakichukua. Kizito! Nikapiga magoti mbele ya Ludeke, Mama akashika beseni. Ludeke akaachia kamba, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mimina, binti, usiogope, mimi siumi wanaosoma."

Nikainamisha.

Yalitoka mekundu.

Si mekundu kidogo. Mazito, ya kahawia, kama damu iliyolala. Yalimtoka Tile mdomoni yakamwingia Ludeke viganjani, yakatambaa mpaka viwiko. Nilijua mara moja. Harufu yake naijua tangu utotoni, ni udongo wetu na kutu! Nikafungua kinywa. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshavuta pumzi, na Mama Oda alisema polepole:

"Amesema. Mwanangu amesema."

"Mama..." Ludeke aliitazama mikono yake. "Mama, mimi?"

Mama Oda alimrukia mwanawe kucha mbele. Alimchana shavu kutoka jicho hadi mdomo. Ludeke akamsukuma, mama mzee akaanguka juu ya benchi, na hapo binamu zake wenyewe, walewale waliomshika Baba, wakamvamia. Akachomoa kisu. Mmoja alikatwa mkono hadi nyama nyeupe ikaonekana. Mtu akampiga Ludeke na kinara cha mshumaa. Bata wanaruka, bia, meno. Nilimshika Ludeke mguu nikipiga kelele ni udongo, ni udongo! Akanipiga teke la mdomo lililoning'oa jino, pamoja na kichwa cha shaba, tukaviringika wote wawili chini ya meza. Uso wa Tile ulisimama ukinitazama, midomo imepinda.

Nilipotoka, walikuwa wamemfunga Ludeke kwa ile kamba ya Henning. Shingo ya Henning ilikuwa wazi. Mtu alikuwa anampa bia.

Alhamisi, 12 Novemba

Yuko nyumbani! Kaka yangu yuko nyumbani. Amelala kitandani mwake, amekula supu na mkate mzima. Mama anamgusa kila anapopita.

Mji mzima sasa umekumbuka. Jirani mmoja anasema aliona Ludeke akimnyemelea ndugu yake. Mwingine anasema waligombania kibanda cha nyama, ndiyo sababu. Gizani! Mshumaa umeanguka, lakini wote waliona.

Ludeke yuko mnarani.

Nilimwambia Baba taratibu: Baba, ni udongo.

"Najua ni udongo! Miaka yote hii nasubu, nisijue udongo? Nani kakuuliza?"

Akanipiga kwa mkono mzima. Hajawahi kunipiga. Kisha akakaa chini, akauweka ule mkono uliofungwa matambara kifuani kama mtoto mchanga. Akasema bila kunitazama kwamba hakuna aliyenawa isipokuwa Ludeke, kwa hiyo damu haijafungwa. Ludeke akitakaswa leo, kesho shoka liko mlangoni kwetu, na safari hii Henning hana kanisa, watawa wamekwisha kumkabidhi.

Ni kweli. Nimelifikiria pande zote na ni kweli.

Ijumaa, 13 Novemba

Wanamtesa Ludeke. Mnara uko karibu na shule. Wamemtundika kwa mikono iliyofungwa nyuma, mawe miguuni. Tulikuwa tunasoma kwa sauti na Sista Alheid akatuambia tuongeze sauti. Tukaongeza. Haikusaidia. Hamwiti Mungu. Anaita, "Tile! Tile, waambie!" Kisha kitu kikaachia, begani nadhani, na sauti ikageuka kuwa ya mnyama.

Hajakiri. Mbwa wetu, vidole vya Baba, jino langu. Nilijaribu kuvipima dhidi ya mateso hayo. Havifiki.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Nikamuuliza Sista: tuseme paka ameshutumiwa kula jibini, na mtu anajua aliyekula ni panya, lakini huyo panya ni wake, amemlea...

"Geseke. Hakuna mtoto aliyewahi kuniletea habari za paka akiwa na mdomo uliopasuka hivyo."

Alifunga kitabu. Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba mzigo huo nisimpelekee yeye wala padri kabla ya kumpelekea mwenye kisu.

Nikaenda. Henning alikuwa anachonga kijiko karibu na moto, nikamwambia yote: udongo, nyaya, kutu. Na kwamba sauti ya Ludeke inasikika hadi shuleni. Nikamwambia, wewe uliniambia kisu chako kiligota mfupa. Aliendelea kuchonga. Chembe za mti zilimwangukia miguuni. Nilisubiri. Mama akaingia na maziwa, akampa, akapangusa mdomo wake kama mtoto.

Hakuyanywa yale maziwa. Naliandika hilo.

Jioni askari wa baraza waliwaletea watu wa nyumba hii amri. Kwa kuwa Ludeke hakiri, kesho asubuhi sokoni kichwa kitajazwa maji tena, mbele ya wote, na atanawa tena. Yakitoka mekundu, atavunjwa mifupa kwenye gurudumu palepale. Kichwa wamekiacha kwetu, Baba anyooshe midomo iliyopinda. Mimi ndiye nitakayemimina, maana nilimimina mwanzo.

Jumamosi, 14 Novemba

Naandika karakanani, kwenye benchi, kuna mwanga wa kutosha.

Nilishuka mapema kukitafuta. Midomo imeshanyooshwa. Utosini kulikuwa na alama za vidole mbichi. Nikapenyeza kulabu: udongo mpya! Laini, mwekundu, umechanganywa na kutu ya misumari na siki. Mwingi. Baba aliufanya kwa mkono wa kushoto. Umebandikwa tabaka kwa tabaka, kama anavyobandika siku zote. Hakuna mwingine humu anayejua kazi hiyo isipokuwa mimi, na mimi sikuombwa.

Nimeweka komeo. Pipa la maji liko ndani.

Nimesuuza. Mekundu. Nimesuuza tena, nimetumbukiza mchanga na changarawe nikatikisa, nikamwaga. Mekundu. Mlangoni Baba alianza kwa kuniita, halafu kubembeleza, binti yangu, mwanangu, fikiria mamako. Sasa anapiga kwa nyundo. Mbao ya juu imepasuka. Anasema atanivunja mimi kabla hawajamvunja Henning, na kisha nasikia analia, na kisha nyundo tena.

Nimepasua kidole kwa kulabu, damu yangu imeingia humo pia. Nimeongeza maji. Yanatoka mdomoni mwa Tile rangi ya matofali. Nimeongeza. Rangi ya bia nyepesi. Bado si safi. Kengele ya soko imeshapigwa mara ya kwanza.

Nyundo imenyamaza.

Kuna mtu mwingine pale mlangoni. Baba anamwambia, "Penyeza mkono hapo juu ufungue, wako unapita." Halafu sauti ya chini, karibu na tundu la komeo:

"Geseke. Ni mimi. Nifungulie."

Namwona Henning kupitia ufa. Amevaa viatu na joho, amevaa kama mtu anayetoka kwenda mbali, au sokoni. Mkono mmoja upo nyuma yake. Siuoni umeshika nini.

Pipa bado lina maji nusu. Namuuliza anataka nini, naye anautoa mkono: ni kisu chake, mpini umenielekea, na anasema, "Maliza kusuuza, kisha twende sokoni niseme ni mimi."